Kitani cha Kushonea Uso Wangu

Nimeshona mashuka ya maharusi wa Tanga tangu nikiwa msichana mpaka meno yameanza kunitoka. Nenda Chumbageni, nenda Mabawa, nenda mpaka Pangani, ukikuta kabati la mtu mzima lina shuka jeupe lenye maua pembeni, ligeuze nyuma. Kama huoni fundo, ni langu. Kwa sindano nimejenga nyumba, nimelea watoto, nimemzika mume wangu kwa heshima yake. Sikubebwa na mtu. Shule niliacha darasa la tatu, na kitu pekee nilichotoka nacho ni alama ya kuzidisha, maana ndiyo mshono wenyewe: uzi unapita hivi, mwingine unaukatiza kwa juu. Mengine yote nilijifundisha.

Ndiyo maana mjukuu wangu aliponiuliza, "Bibi, cha kwako kiko wapi?" nilimwachia atafute mwenyewe.

Alitaka kitambaa nilichoshona mimi, apate cha kuigia. Yuko kidato cha pili, na naishi naye tangu mama yake alipopata kazi Arusha. Alifungua kabati, akafungua sanduku, akainua mpaka godoro. Akakuta mashuka ya dukani, yenye maua ya kuchapwa.

"Si niliuza," nikamwambia.

"Vyote?"

"Ulitaka tule maua?"

Akacheka. Mimi ile kauli niliitoa haraka ili nisiifikirie, lakini usiku ilirudi ikakaa nami.

Macho yangu yana presha. Daktari alisema kilichoondoka hakirudi, tulinde kilichobaki. Kilichobaki ni mwanga, na rangi zikiwa kubwa kubwa, na mtu akisimama mlangoni najua kuna mtu. Haya nayaandika kwa kalamu nene, herufi kubwa kama za kwenye mfuko wa mbolea. Nyumbani nilikuwa nasema macho yamechoka tu, na nilidhani wameniamini.

Mtoto huyu nilimfundisha kwenye gunia la katani, kama nilivyojifunza mimi kambini, kwenye shamba la katani alikofanya kazi baba yangu. Gunia matundu yake yako wazi, mtoto hapotei kuhesabu. Nami kwenye gunia siyahitaji macho. Akimaliza safu ananiletea, nalipindua, napitisha vidole nyuma. Fundo nalikuta. Uzi uliorukia mbali kwa uvivu naukuta. "Fumua," namwambia. Ananuna, anafumua. Jioni zetu zilikuwa hizo, yeye na sindano, mimi na vidole, na nikisema kweli, hakuna nilichokuwa nakingoja kutwa nzima kama lile gunia.

Sasa akataka kazi ngumu. Alikuwa amenipiga picha kwa simu nikichambua mchele, na simu ikaigawa ile picha vidirisha vidogo vidogo, kila kidirisha mshono mmoja.

"Nitashona uso wako, bibi."

"Uso wangu una nini?"

"Una kazi," akasema.

Mpuuzi sana. Lakini nilipenda.

Tukaenda Ngamiani kutafuta kitambaa. Kuna duka ambalo mwenyewe nimemjua tangu akiwa mtoto anamsaidia baba yake kukunja majora. Leo ana ndevu nyeupe, na bado ananiamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Usinipe tetroni, nyuzi za plastiki hizo."

"Wallahi bibi, mimi nimekupa tetroni lini?"

"Mwaka uliooa."

Duka zima likacheka, naye akacheka zaidi. Akatushushia bafta kwanza, ile pamba nyeupe ya kawaida. Mjukuu wangu akaitazama karibu, akasema nyuzi zimebanana, hazihesabiki. Ikarudishwa. Akaleta kitambaa cha matundu, kile kilichofumwa maalumu kwa kushonea, halafu akaleta kitani, kile ambacho Wazungu huita linen. Alisema kimeingilia mpaka wa Horohoro kutoka Mombasa, na kimelala dukani kwa sababu watu hawakijui.

"Chomeka pini mbili," nikamwambia mtoto. "Hesabu nyuzi za kwenda katikati ya pini. Haya, sasa upana ule ule hesabu za kukatiza. Zisipolingana, uso wangu utavutika kama wa punda."

Akahesabu, akarudia. "Zinalingana, bibi. Zote sawasawa."

Nikakishika. Nimeshika vitambaa maisha yangu yote. Cha matundu nilikisoma pale pale, kila tundu liliniambia lilipo. Kitani kilikuwa laini kama ganda la yai. Nikakisugua, nikakivuta, nikakipeleka shavuni. Sikusikia uzi hata mmoja.

"Tuchukue cha matundu," mtoto akasema.

"Kwa nini?"

"Ni kizuri tu."

"Makunyanzi yangu yataenea humo?"

Mwenye duka ndiye aliyenijibu. "Humo bibi, kwa matundu makubwa hivyo, utatoka kama tofali. Macho mawili na mdomo, basi. Kama anataka uso wa mtu, ni kitani."

"Lakini utaweza kukisoma," mtoto akasema, kwa sauti ya chini, kama anayezungumza na mgonjwa.

Basi nikajua kuwa anajua. Na nilijua ninachochagua. Tukichukua matundu, kila jioni kitambaa kitakuja mapajani kwangu, nitakipindua, nitamwambia fumua, na mwisho wake tutapata picha ya kitoto aliyokwisha kuipita. Tukichukua kitani, atashona kitu cha kweli, na mimi sitakuwemo.

"Nani kakwambia nataka kukisoma?" nikasema. "Kata kitani."

Mkasi ulipopita niliusikia mpaka mwisho.

Kitani hakishonwi jioni. Kinataka mwanga wa mchana, kwa hiyo alikuwa akikaa dirishani Jumamosi nzima, na Jumapili tukitoka kanisani anarudi pale pale. Mwanzoni alikuwa bado ananiletea. "Bibi, kagua nyuma." Napitisha vidole, na ni kama napapasa sahani. "Endelea," namwambia. Akaja tena. "Endelea." Baadaye akaacha kuja. Ingekuwa jeuri ningejua la kuifanya. Ilikuwa ni huruma, na mimi sijazoea kuhurumiwa, sina mahali pa kuiweka.

Jioni zile nilikaa na redio. Na ndipo nilipokuwa nakumbuka kuwa hata mimi niliwahi kuchagua kitambaa changu. Nilikuwa bado kijana, macho yangu makali, naweza kushona kwa taa ya chemni. Nilitaka kushona uwanja wa kuanikia katani pale kambini, singa nyeupe zimetandazwa kwenye nyaya safu kwa safu, na mama yangu katikati anazigeuza. Nilikuwa naziona rangi zote kichwani. Nilinunua kitambaa kizuri, nikakipiga pasi, nikakiweka. Mara akaja mtu ana harusi ya haraka, anataka foronya. Nikakata kile kile. Nikasema nitanunua kingine nikimaliza oda hii. Baada ya oda ile ikaja nyingine, na baada yake nyingine, na nilijivunia hilo, nilikuwa nawaambia watu kwamba mlango wangu haukauki wateja. Ulikuwa haukauki kweli. Mama akafa. Kambi ikaisha, mkonge ukaachwa msitu ukapanda juu yake. Macho niliyokuwa nayatunza kwa ajili ya ile picha yote nimeyaacha kwenye vitanda vya watu.

Alimaliza kabla ya Pasaka. Jirani yangu ndiye wa kwanza kuitwa aione, na nilimsikia akipiga kofi mapajani.

"Mama wee! Ni wewe mtupu! Hata lile jicho lako la kugombeza watu limo!"

"Lipi kati ya mawili?" nikamuuliza.

"Yote, dada. Yote yananitazama, nimeogopa hata kuketi."

Wakaja wengine. Kila mmoja akasema ni mimi. Mmoja akasema mtoto amenishona mpaka ile mikunjo ya mdomo ninayoikunja nikiwa sitaki kusema asante. Nilikaa nikasikiliza watu wakisimulia uso wangu kama wanamsimulia mtu aliyesafiri.

Fundi wa fremu alitaka kuweka kioo. Nikakataa, nikasema kitambaa kinataka hewa. Uongo. Nilitaka kukishika.

Kabla hakijaingia kwenye fremu nilikichukua chumbani kwangu. Nikakipindua nyuma, nikaanza pembeni, nikaenda taratibu kwa ncha za vidole, safu kwa safu, juu mpaka chini, nikarudi. Pale penye mshono panaanza kunenepa kidogo, hilo nililisikia. Zaidi ya hapo, hakuna. Nilitafuta fundo. Sijawahi kutafuta fundo hivyo, hata kwenye kazi ya adui. Moja tu lingetosha. Ningemwita, ningemwekea kidole chake juu yake, angenuna.

Mlangoni pakawa na mtu. Nilijua ni yeye kwa jinsi alivyoegemea.

"Umepata fundo, bibi?"

"Hapana."

"Hata uzi ulioruka?"

"Hata huo."

Akasubiri. Anajua mimi sisifu, nilichomzoesha ni kumwonyesha pa kufumua, na hapakuwepo. Lililonijia mdomoni lilikuwa: fumua. Fumua lote, turudi kwenye gunia. Nikalimeza.

"Alivyokufundisha bibi yako ndivyo ulivyoshona," nikasema.

"Bibi yangu mkali," akasema.

"Kachukue nyundo."

Akaupigilia msumari sebuleni, ukutani panapopiga jua la asubuhi. Uso upo pale. Mgeni akiingia anausalimia kwanza, halafu mimi. Ndiyo kazi pekee ya sindano iliyomo kwenye nyumba hii ambayo sindano iliijenga, na si mimi niliyeishona, na sijaiona.