Niliondoa mwangwi kwenye kaseti ya Baba, wazee wakaikataa

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Juzi kuna mwenzetu hapa aliuliza jinsi ya kuondoa mwangwi kwenye kaseti za zamani za nyumbani, mkamjaza majina ya app. Mimi nilipita kimya. Lakini jambo hilo limenikaa rohoni, kwa hivyo leo nasema yaliyonikuta. Sitii chumvi. Ningekuwa natunga, ningejipa sura nzuri kidogo.

Wazazi wangu walijenga Maseno, kwenye shamba la kununua. Asili ya Baba ni Luanda Kotieno, kule ziwani. Mama alipofariki, katikati ya miaka ya themanini, Baba alisimama kidete akamzika pale pale Maseno. Ukoo ulikubali shingo upande.

Nyumba yenyewe haikuwahi kuisha. Sakafu ya simiti, kuta tupu, hakuna dari. Ukiongea sebuleni, mabati yanakurudishia. Tulipokuwa watoto tulikuwa tunaimba mle makusudi.

Miaka kama mitatu baadaye, Baba akakaa peke yake kwenye ile sebule akajirekodi. Akaandika jina lake juu ya kaseti kwa mkono wake, akanikabidhi, akaniambia siku yake ikifika niwasikilizishe wazee.

Alitaka jambo moja tu. Azikwe Maseno, kando ya Mama.

Siku ikafika, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kabla hata hatujamaliza kulia, baba mdogo alikuwa ameshachagua mahali pa kaburi Luanda Kotieno. Mwanaume hazikwi kwenye shamba la kununua, alisema, na wazee wakamuunga mkono. Kikao kikaitwa Jumamosi, huko huko kwao, nje chini ya turubai.

Mimi na dada yangu Akinyi tukaisikiliza kaseti. Mwangwi mtupu. Nusu ya maneno yalikuwa yanamezwa. Nikaingiwa na hofu kwamba wazee watasema hawajasikia kitu.

Akinyi akaniambia, "Wacha tu hivyo. Wale wazee wanajua hiyo nyumba."

Sikumsikiliza. Mimi ndiye kifungua mimba, mimi ndiye nafanya kazi Kisumu mjini, yeye ataniambia nini kuhusu mashine? Mnajua kiburi cha umri ule.

Huko Kisumu, mtaa wa Kondele, kulikuwa na fundi aliyekuwa anasafisha kaseti za kwaya. Alikuwa mkweli, sitamlaumu. Aliniambia mwangwi hautoki kabisa, yeye anaweza tu kuukata mkia. Alikuwa na equalizer ya kurekebisha sauti, na mashine nyingine iliyokuwa inafunga sauti mara tu neno linapoisha. Pale Baba alipokaa kimya kwa muda mrefu, fundi akapaondoa, akaunganisha maneno. Kazi ya siku mbili.

Ilitoka safi, wakuu. Neno kwa neno. Nilitembea Kondele nzima kifua mbele kama jogoo.

Tatizo likawa moja. Ile safi ilikuwa kwenye kaseti mpya, haina mwandiko wa Baba. Nikawaza, wazee wakiona kaseti ngeni watasema nimeitengeneza. Kwa hivyo nikachukua redio ya deki mbili, nikairekodi ile safi juu ya kaseti ya Baba.

Ndiyo. Juu ya original. Na copy nyingine sikuwa nayo.

Jumamosi nikabonyeza play mbele ya wazee. Baba akaanza kuongea. Mama mmoja akaanza kulia. Halafu nikaona mzee wa ukoo ameinamisha kichwa, anasikiliza kwa sikio moja. Karibu na mwisho akainua mkono, nikasimamisha kaseti.

"Nyathina," akaniambia, yaani mwanangu, "sisi tumekula kwa hiyo nyumba. Mtu akiongea pale, mabati inajibu. Hapa mabati iko wapi?"

Nikajaribu kueleza habari za fundi. Hapo ndipo nilipojimaliza. Wakasema, kumbe imepita kwa fundi! Baba mdogo akasema hata maneno yenyewe yanaruka, yamekatwakatwa. Akinyi akasimama kunitetea, akaambiwa akae, msichana aliyeolewa hana neno kwenye kaburi la baba yake.

Watu wakaanza kucheka. Nikapandwa na hasira, nikaichomoa kaseti kutoka kwenye redio nikaondoka.

Baba alizikwa Luanda Kotieno. Mama yuko Maseno peke yake mpaka leo.

Ile kaseti niliitupa kwa droo ya Akinyi, sikutaka kuiona. Kama mwaka mmoja baadaye nilikuwa kwake mchana, yeye anaosha vyombo, akaiweka kwenye redio. Maneno safi yakaisha. Mikono yake ilikuwa na sabuni, hakuizima.

Kukasikika mlio mdogo, tap.

Halafu nyumba yetu ikajaa jikoni. Sakafu, kuta, mabati, vyote. Fundi alipoondoa ule ukimya, rekodi yake ikawa fupi kuliko ya Baba, kwa hivyo kipande cha mwisho cha kaseti ya Baba sikuwa nimekifuta. Baba akakohoa, mabati yakakohoa nyuma yake. Akasema polepole, mara mbili, kama mtu anayejua watabisha:

"Mnilaze kando ya mama yenu. Mnilaze kando ya mama yenu."

Akinyi akakaa chini sakafuni. Mimi sikuweza hata kumshika bega. Siku ile kwenye kikao, ningeizuia hasira yangu dakika moja tu nikaiacha kaseti ifike mwisho, mabati yangemjibu yule mzee.

Nilimpelekea baba mdogo. Alisikiliza mpaka mwisho, akalia, akasema ndiyo, ni yeye. Lakini kaburi halifukuliwi hivi hivi.

Kwa hivyo ndugu uliyeuliza, safisha, lakini fanya kwenye copy, original usiiguse. Na kabla hujasafisha, jiulize kama hicho unachokiita uchafu si ndicho watu watakachomtambulia mtu wako.

Kama kuna aliyepitia haya, aandike hapa chini. Na kwenu wa desturi zetu: baada ya miaka hii yote, kuna njia yoyote ya kumrudisha mzee kwa mkewe? Nauliza kwa dhati. Akinyi pia anasoma.