Ziwa Limekwenda Shamba

Hoteli yetu ilikuwa ya ziwani, ila ziwa lenyewe lilikuwa la kutengenezwa. Mzungu mmoja mwenye shamba la mkonge alizuia kijito kinachoshuka kutoka milimani Suji, maji yakatanda, akajenga vyumba na baraza, akanunua maboti mawili ya rangi, akawaita wenzake waje kupumzika. Alipofunga virago baada ya Azimio, hoteli ikawa mali ya kijiji cha ujamaa. Mama yangu, aliyekuwa akifua mashuka ya wageni, akafanywa msimamizi.

Mama aliipenda hoteli ile kuliko alivyotupenda sisi wanawe, na hilo nalisema bila kinyongo. Hata kuegemea ukuta tulikatazwa. Basi ikaja habari kwamba mkubwa kutoka mkoani atafika kuikagua: akiridhika, itabaki hoteli, asiporidhika, itapewa kazi nyingine. Mama akavipiga pasi vitambaa vya meza mpaka vikasimama vyenyewe.

Tatizo lilikuwa babu, yaani mkwewe. Alikuwa amehamia bondeni kutoka milimani, na kule maji yakikusanywa huitwa ndiva. Ndiva ikijaa hufunguliwa kwa zamu, mashamba yanywe. Maji ya kutazamwa tu hakuwahi kuyasikia. Asubuhi ya ugeni, kwa hesabu zake, ilikuwa zamu yetu. Akazibua.

Mgeni alipofika barazani alikuta tope, maboti yamelala ubavu, perege wanarukaruka.

"Ziwa liko wapi?"

"Limekwenda shamba, ndugu," babu akajibu kwa fahari.

Mgeni alikuwa ametoka kuhutubia Hedaru kwamba siasa ni kilimo, angesema nini? Akampa babu mkono, akausifu mpunga wetu, na kabla chai haijapoa hoteli ikawa ghala.

Mama alilia mbele ya watu, kitambaa mkononi. Iliniuma sana kumwona vile. Lakini baba mkwe hagombezwi. Mama akaenda nyumbani, na tangu siku hiyo babu akawa anaandaliwa wali mezani, kwa kisu na uma, kitambaa cheupe kifuani. Maskini babu, aliyezoea kula kwa mkono, akawa anazifukuza punje sahani nzima, anaondoka na njaa yake. Kuikataa heshima ya mkamwana hawezi.

Jioni moja uvumilivu ukamwishia. "Mwanangu, kwenye hoteli hii nitaondoka lini?"

"Ziwa likirudi, baba," mama akasema kwa adabu zote, akamwongezea wali.