Kona ya Upande wa Mto

Msimu ule Firmin Lahourcade aliiombea timu yake ifungwe, na mjini Labarthe hakuna aliyejua. Wangejua, wangemtosa mtoni pamoja na mashine yake ya kukatia nyasi. Mji wenyewe ni mdogo, kanisa moja na bucha moja, lakini una timu ya raga kwenye ligi ya kulipwa, inayopambana na majiji. Mtu wa kule akikuuliza hali, hakuulizi afya yako. Anauliza mechi ya Jumamosi umeionaje.

Firmin ndiye aliyekuwa mtunza uwanja. Miaka kadhaa nyuma mwanawe Bastien, mchezaji wa mstari wa mbele katika timu hiyohiyo, alikufa kwa ajali ya pikipiki barabara iendayo mji wa Pau. Enzi za uhai wake alikuwa na mzaha mmoja: "Baba, nikifa nifukie kona ya upande wa mto, pale nilipoulaza mpira chini nikafunga trai yangu ya kwanza." Mtu mwingine angecheka yakaisha. Firmin, ambaye neno lililosemwa uwanjani kwake lilikuwa kiapo, akaufanya mzaha ule wosia. Mwili ulipokwisha kuchomwa, aliyafukia majivu kwa siri kwenye kona ile, kisha akakijaza chungu cha majivu ya marehemu kwa majivu ya kuni za mwaloni kutoka mekoni kwake. Padri akakibariki. Mkewe Maylis akakililia, na tangu siku hiyo kila Jumapili alikwenda makaburini kuzungumza na mti wa mwaloni uliochomwa.

Kona ile haikumpa Firmin raha. Nyasi zake ziliota haraka kuliko kwingine, nzito, za kijani kilichokolea mno. Uwanja ukiwa mtupu alisikia viatu vya njumu vikigonga saruji ya ujia wa wachezaji, vinakuja, vinakuja, halafu vinanyamaza vikifika kwenye nyasi. Hakuwahi kugeuka. Aliogopa kumkuta, na aliogopa zaidi kutomkuta.

Basi mwezi wa Agosti mwenyekiti wa klabu, Bwana Peyrelongue, akatangaza: timu ikibaki ligi ya kulipwa, Juni uwanja unafumuliwa wote, zinawekwa nyasi bandia. Ikishuka daraja, hakuna mradi. Watu wakapiga makofi. Firmin akaitazama kona ya mto.

Alijaribu kumtoa mwanawe. Asubuhi moja ya ukungu alipiga magoti akachimba kwa mwiko, na alichokiona kilimvunja: majivu, pamoja na vipande vyeupe vya mifupa, yalikuwa yameshikana na mizizi na udongo, hujui mwana anaishia wapi na ardhi inaanzia wapi. Akarudishia udongo, akaanza kuomba timu ishuke.

Vuli yote walifungwa, naye akalala usingizi. Majira ya baridi wakafungwa kwenye matope, na watu wakawa wanalia baa. Machipuko yalipofika, hao wajinga wakaanza kushinda.

"Mzee Firmin, mbona umenuna?" Darrigrand mwenye bucha alimtania baada ya ushindi wa tatu. "Tukifungwa unapiga mluzi, tukishinda una sura ya mfiwa. Umehongwa nini?"

"Meno yananiuma."

"Yang'oe basi, unatutia mkosi!"

Ikabaki mechi ya mwisho, nyumbani, ya kufa na kupona. Dakika za mwisho walikuwa nyuma kwa pointi mbili, wakapata penalti, teke la pointi tatu. Mpigaji alikuwa Yoan Casaubon, aliyekua na Bastien, aliyekula supu ya kabichi na bata mezani kwa Maylis utoto wake wote. Uwanja ukanyamaza, kama ilivyo desturi ya kule mpigaji akijiandaa. Firmin akafumba macho. Kosa, Yoan mwanangu, kosa. Kelele zilizolipuka zikamwambia kila kitu.

Watu wakamwagika uwanjani. Mwenyekiti alikuwa ameruhusu: nyasi zinakwenda zao, kila mtu ajichukulie pande la ukumbusho. Walikuja na sepetu, visu vya mezani, wengine na kucha. Firmin alikimbilia konani akatanua mikono.

"Hapa hapana! Jamani, hapa hapana!"

"Mwoneni anavyolilia nyasi zake!" Darrigrand akapaza sauti, machozi yakimlengalenga. "Mbebeni huyu mzee, ndiye aliyezitunza!"

Wakambeba juu mabegani, wakaimba jina lake. Alipiga mateke, wakadhani ni furaha. Kutoka kule juu aliwaona wakiikata kona kama keki, pande baada ya pande, wanaondoka nayo kwenye mifuko na kofia.

Alipofika nyumbani alimkuta Maylis jikoni, mikono imejaa udongo.

"Nami nimejipatia la kwangu," alisema. "La kona ile ya mto, palipokuwa na kijani kizuri. Nitaliweka kwenye chungu cha maua, ila lina vijiwe hivi vyeupe, vidogo vidogo." Alikuwa anavichokoa kwa ukucha na kuvitupa kwenye sinki, bomba likiwa wazi.

"Maylis, acha!"

Hakuwahi kumsikia mumewe akipiga ukelele wa namna ile. Akamtazama usoni, akavitazama vidole vyake mwenyewe. Maylis alifunga bomba. Alivikusanya vijiwe vilivyosalia kimoja kimoja, akavirudisha kwenye udongo.

"Kina nani wengine walichukua kona ile?"

"Maylis, nisamehe..."

"Nimekuuliza kina nani."

"Darrigrand. Mama Lacoste jirani. Wenzake Yoan wa timuni. Wengine sikuwaona."

Alichukua beseni chini ya meza, akavaa koti juu ya aproni.

"Twende kwa Darrigrand kwanza," alisema. "Mlango ukifunguliwa utasema wewe. Mimi nitashika beseni."