Kamba Fupi za Mama Kasia

Mama Kasia hakuzaliwa na jina hilo. Alilipata ukubwani, alipoacha kupika kwenye kantini ya bwawa la umeme, akanunua vijitumbwi vinne vya plastiki, vile vya mtu mmoja mmoja, akaanza kuvikodisha pale majini. Wifi yake alicheka mpaka akashika ukuta. "Kaka yangu kaoa mpishi, leo kaamka na nahodha!"

Lakini vinne vilizaa vinane. Kila Jumamosi wauguzi, mafundi cherehani, walimu na wazee wenye vitambi vya kupunguza walipita kwenye geti dogo la kampuni ya umeme, wakavaa majaketi ya kuelea, wakapiga makasia mpaka mabega yakalalamika. Bonde lile zamani lilikuwa mashamba ya watu. Lilifunikwa maji ili taa ziwake mjini, na waliohamishwa hawakurudishiwa hata shina moja la muhogo. Basi njia ya kuyafikia maji hayo si hisani ya mtu. Ni haki, tena haki ndogo sana.

Meneja mpya hakuliona hivyo. Alikuwa mpole, ila ajali alizihofu kuliko simba.

"Mama, geti hili nalifunga. Watu wenyewe hawaji, imebaki hatari tupu. Mtu akizama, naulizwa mimi."

"Njoo Jumamosi asubuhi ujionee, ndipo ufunge."

"Nitakuja. Na kufuli nitakuja nalo."

Ijumaa yote Mama Kasia aliosha vijitumbwi, akasugua, akapangusa. Kawaida yake alifunga vyombo kwa kamba ndefu, maana bwawa la umeme halina adabu: mitambo ikizunguka, maji hushuka, ikipumzika, hupanda. Kamba ndefu huyafuata. Ubaya wake, kila chombo hutazama kinakotaka, naye safari hii alitaka vijipange gatini kama askari wa gwaride. Akafunga fupi, akakaza, akarudi nyuma kutazama, akajipongeza.

Usiku mji uliwasha taa zake, mitambo ikanywa maji. Asubuhi Mama Kasia alikuta vyombo vyote vinaning'inia gatini, pua juu, mikia chini, kama mbuzi buchani. Maji yalikuwa kule. Huku lilikuwa tope.

Wifi alikuwa amekuja kusaidia, yaani kushuhudia. "Wifi, leo unakodisha au unaanika?"

"Nyamaza wewe, lete kisu!"

"Cha nini tena? Mbuzi hawa si wameshachinjwa?"

Meneja akatokea, viatu vinang'aa, kufuli mkononi. Akatazama gati.

"Kosa ni langu," Mama Kasia akasema. "Nilifunga fupi ili wewe upendezwe."

"Unaona, mama? Wewe mwenyeji maji yamekuchezea. Sembuse mgeni?"

Akageuka kwenda kufunga geti. Hakufika. Watu walikuwa wameshaanza kuingia: muuguzi aliyetoka zamu, fundi cherehani na mkewe, walimu, wazee wa vitambi. Walipoviona vyombo wakaangua kicheko, kisha, bila kuombwa, wakavua viatu, wakakunja suruali. Kwanza wakakaguana vifungo vya majaketi, kila mmoja na mwenzake. Halafu wakakata kamba, wakajipanga topeni, wakapokezana vyombo mkono kwa mkono kuelekea majini.

"Umewaita wewe?" Meneja akanong'ona.

"Mimi? Leo si Jumamosi?"

Chombo cha mwisho kikakosa mtu wa nyuma. Fundi cherehani, asiyemjua meneja wala nyanya yake, akapaza sauti: "Wewe bwana wa kufuli! Shika mkia huo, maji yanatukimbia!"

Meneja akatazama viatu vyake. Akatia kufuli mfukoni, akashuka.

Walimvika jaketi wakamsukuma majini, naye akazunguka palepale kama pia ya watoto. "Kulia, baba! Piga kulia!" Mama Kasia alipiga kelele mpaka chombo kikanyooka.

Meneja aliporudi alikuwa na tope hadi magotini, na meno yote nje. "Geti litabaki wazi," alisema. "Mitambo ikitaka kunywa, mtu wa zamu atakupigia simu kwanza. Na wewe, mama..."

"Kamba ndefu."

"Ndefu hasa."

Wifi akanyoosha kiganja. "Na hilo kufuli nipe mimi, nikafungie sukari. Watoto wa huyu nahodha hawana breki."