Mzee Aliyeitikia Marahaba

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha wagonjwa mahututi, hospitali moja ya Changamwe, nilifika saa nzima kabla ya zamu na bado niliogopa kuwa nimechelewa. Nina digrii ya uuguzi na miezi kumi na minne ya kazi, kwa hiyo sina hakika kama nina haki ya kuandika kumbukumbu. Lakini wauguzi wapya huulizia habari ya Mzee Karisa, na kila anayewasimulia huikosea.

Nilipewa kazi ya kuwapima wagonjwa deliriamu, yaani akili kuvurugika ghafla kwa sababu ya ugonjwa au dawa. Watu hudhani mwenye deliriamu lazima apige kelele na kung'oa mipira ya dawa na hewa. Wapo hao. Wa kuogopwa zaidi ni wanyamavu, maana kila mtu huwasifu kwa upole. Kipimo chenyewe ni rahisi: unamshika mgonjwa mkono, unamtamkia herufi kumi polepole, naye abinye kila asikiapo A.

Mzee Karisa, mwendesha kreni bandarini kule Kipevu, alikuwa na siku mbili tangu atolewe mashine ya kupumulia. Nilipompima alibinya mara moja tu, tena kwenye T. Nikarudia, nikidhani ni jasho la mkono wangu. Vilevile.

"Sista, Mzee Karisa ana deliriamu," nikamwambia Sista Mkuu, msimamizi wa wauguzi.

Akamwendea. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo." Akanigeukia. "Mtu ana adabu kukushinda wewe, nawe wasema akili haipo? Digrii hizi, jamani!"

Akaandika: fahamu timamu. Kesho ahamishiwe wodi ya kawaida.

Nilikereka hadi meno yakaniuma. Daktari wa zamu akaja, akamwamkia mzee, akaitikiwa, akatia tiki. Watu wazima, wenye vyeti, wanapima ubongo kwa shikamoo! Kule wodini mzee mnyamavu angeachwa alale, na kilichomvuruga kingemmaliza kimyakimya. Nami, badala ya kubishana, nikawa najiuliza kama nilitamka A vibaya.

Asubuhi mama yake alifika kutoka Mjambere. Kiti cha magurudumu kilikuwa tayari mlangoni. Bikizee akainama kitandani. "Karisa."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Bikizee akainuka.

"Huyu nimemzaa mimi," bikizee akamwambia Sista. "Tangu ajue kusema, yeye ndiye huniamkia. Leo aniitikia, tena aniita mwanawe? Mwampeleka wapi mtu huyu?"

Sista akafungua faili ya mzee. "Wewe digrii," akasema bila kunitazama, "lete herufi zako."

Mzee akabinya kwenye T. Kiti kikarudishwa. Vipimo vya damu vikaonyesha maambukizi, akaanzishiwa dawa. Siku ya nne alibinya kila A, kisha akanikemea: "Binti, kila siku A, A. Kwani mimi sikusoma?" Nilitoka nje nikalia. Mama yake alipoingia mchana huo, mzee alimwahi: "Shikamoo, mama."

Mwezi uliopita Sista Mkuu alistaafu. Hakuwahi kuniomba radhi, na kwa muda mrefu hilo liliniudhi. Siku ya kumuaga nilimwamkia.

"Marahaba," akaitikia, kisha akaninyooshea mkono. "Haya, pima."

Nikamtamkia herufi zote kumi, watu wakitutazama. Alibinya kila A, tena kwa nguvu za kuniumiza.