Barua Niliyoisoma Msibani

Naona haya kulisema hili, lakini wacha niseme. Mimi ni karani wa waajiriwa hapa Nizwa, kwenye kampuni yenye kambi ya watalii jangwani Bidiya. Juzi juzi msimamizi wa kambi alinambia kuwa dereva mmoja hajaonekana siku nane. Sikumpigia hata simu. Nilimwandikia barua kwamba kaacha kazi mwenyewe, nikaituma kwenye simu yake, nikaenda zangu kunywa chai.

Jumamosi ami yangu akanichukua Samail, kwenye azaa, matanga ya rafiki yake. Sablani, kwenye ukumbi wa wanaume, tulikaa karibu na mtoto wa marehemu, kijana mpole nisiyemjua.

"Kamuuguza baba yake mpaka mwisho," ami aliwaambia watu, "na kazini wamemwandikia eti katoroka! Huyu mwanangu anajua sheria. Hebu waambie."

Wote wakanigeukia. Nami kwa kupenda sifa, na barua yangu nishaisahau, nikajikohoza. "Kutofika si kuacha kazi. Mtu huulizwa kwanza yuko wapi. Aliyeandika hiyo hajui kazi yake."

Kijana akanipa simu. "Tusomee, kaka, wasikie."

Mstari wa kwanza tu nikaijua barua yangu. Nilisoma polepole, nikiomba chaji iishe. Haikuisha.

"Nani katia saini?" ami aliuliza kwa hasira.

Nikasoma jina langu, kisha la baba yangu, ambaye ni kaka yake, kisha la kabila letu.