Muuza Odowa wa Kiminini

Katika soko la Kiminini, muuza odowa hutandaza juu ya gunia yale mawe laini ambayo wajawazito hutamani kutafuna. Hupuliza vumbi litoke kwenye kila jiwe kabla ya kuliuza, ingawa jiwe lenyewe ni udongo mtupu. Vidole vyake havitakati hata akinawa. Siku ya Jumanne, bintiye, Nabwile, mwenye mimba ya miezi saba, alipitia hapo akitoka kliniki. Alikuwa ameambiwa damu yake imepungua mno, na akivuja nyingi siku ya kujifungua huenda asipone. Aliketi, akanyoosha mkono kwenye gunia. Mama yake akaupiga.

"Wacha! Hiyo itakumaliza damu."

"Na si unauzia watu, mama?"

"Hao ni watu. Wewe ni mtoto wangu."

Mara mwanamke mwenye tumbo kubwa akasimama mbele yao, akachagua mawe manne. Muuza odowa alimtazama macho, yaliyokuwa meupe kwa kupungukiwa damu, kama ya Nabwile.

"Umeenda kliniki?"

"Bado."

"Si uende, mama," alimwambia kwa upole, akamfungia mawe yake kwenye gazeti na kumwongezea la tano bure.